Alikuja Mpaka Gare ya Juu

Kwa watu wa mke wangu, mwanaume akifiwa na mkewe hanyoi. Nywele zinaota, ndevu zinaota, mpaka mtu wa damu ya marehemu aje na wembe amnyoe kwa mkono wake. Hapo ndipo kifo kinapomtoka mume mwilini. Kabla ya hapo hali sahani moja na wengine, hapeani mkono na watu kanisani wakati wa amani, haingii nyumba yenye mtoto mchanga. Anakaa kati, si wa huku wala wa kule.

Mimi si mtu wa Kasai kama yeye. Baba yangu alivua samaki Lufira, chini ya Koni, na mimi nilivunja mawe Kakontwe mpaka kifua kikanikataza. Kwa watu wetu mambo ya kufiwa yana njia nyingine. Lakini mke wangu, alipokuwa bado na nguvu ya kusema, alinishika kidole akaniambia:

"Ukisha kunizika, usijinyoe weye mwenyewe. Ngoja bantu bangu."

"Na kama habakuje?"

"Batakuja."

Nilikubali. Baadaye, nyumba ilipokwisha kutulia, nilielewa kwamba hakuwa anafikiri ndevu zangu. Alikuwa hajaona watu wake miaka thelathini. Akiwa hai hawakuja. Alitaka kifo chake kiwalete. Kama ningejinyoa, wasingekuwa na sababu ya kuja, na yeye angebaki kaburini kama mtu asiye na kwao. Basi nikangoja, na mahali pa kungojea palikuwa gare, kituo cha treni.

Gare yetu ya mtaa wa Panda tunaiita ya Juu, kwa sababu imekaa juu kweli. Reli inapita juu ya tuta refu la mawe, na barabara inapita chini yake ndani ya tao. Ukitaka treni unapanda ngazi mpaka kifua kipige. Baba mkwe wangu alikuwa karani wa tiketi pale, naye ndiye aliyenieleza jinsi ilivyoanza, jioni moja alipokuwa amekunywa kidogo na kuona kwamba mchumba wa binti yake si mtu mbaya sana. Zamani za wazungu, alisema, viwanda vilikuwa upande mmoja na kambi za wafanyakazi upande wa pili, na treni za mawe ya shaba zilikatiza katikati. Treni ikisimama, watu wanakawia kazini. Kampuni haikutaka watu wakawie. Ikaamuru reli inyanyuliwe. Tuta likajengwa kwa mawe yaliyobaki baada ya shaba kutolewa, watu wakiyabeba kwa vikapu, na wengi wa hao watu hawakupanda treni hata siku moja.

Kisha wakajenga ngazi mbili. Ngazi pana, yenye mkono wa chuma, ilielekea mjini. Hiyo ilikuwa ya wazungu. Ngazi nyembamba, isiyo na mkono, ilielekea kambini. Baba mkwe alisema kwamba siku ya uhuru watu walipanda ngazi pana na kushuka, wakapanda na kushuka, kutwa nzima, bila kwenda popote. Kesho yake wakarudi kwenye ngazi nyembamba, maana ndiyo iliyo karibu na nyumba zao.

Nami ngazi nyembamba ndiyo iliyonipa mke. Wakati ule behewa la wafanyakazi lilikuwa bado linakwenda Kakontwe asubuhi na kurudi jioni. Nilirudi mweupe kwa vumbi la chokaa, nyusi mpaka viatu. Msichana mmoja alikaa kwenye ngazi akiuza karanga za kuchemsha, kwa siri, kwa sababu baba yake karani aliona aibu. Siku ya kwanza aliponiona alimwambia mwenzake kwa sauti ambayo alijua nitaisikia:

"Angalia, muzungu wa kupakaa!"

"Uza karanga, mama," nikamwambia. "Vumbi hii inatoka na maji. Ile midomo yako itatoka na nini?"

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Watu wake walinipokea. Watu wangu walisema maneno, kisha wakazoea. Hatukupata mtoto, wakasema tena, kisha wakazoea tena.

Halafu ikaja miaka ile. Sitaieleza sana, watu wa hapa wanaijua na wengi hawapendi kuitaja. Jirani alimwambia jirani, rudi kwenu. Nyumba za watu wa Kasai zilichukuliwa na vitu ndani, na wenyewe wakakimbilia gare zote zenye treni. Gare ya Juu ilijaa. Watu walilala kwenye simenti, chini ya paa na nje ya paa, chini ya tao na juu ya ngazi, wakingoja treni ya kwao ambayo haikuja, na ilipokuja haikuwatosha. Mvua ya msimu mzima iliwanyeshea pale. Baba mkwe, ambaye alikuwa amekata tiketi za watu wote, hakuwa na tiketi ya kujikatia. Mke wangu alipanda kila siku na sufuria ya bukari, ugali wetu, na mimi nilibeba maji. Mtoto wa mwisho wa wakwe zangu, wa kiume, aliyeanza kutembea, alipata kuhara akafa pale juu. Tulimzika makaburi ya hapa. Aliyebaki mdogo alikuwa msichana ambaye meno ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yanang'oka.

Treni yao ilipofika, mke wangu alikuwa na furushi la nguo mkononi, na mimi nilijua kwamba angeweza kupanda. Kaka zangu walikuwa wamekwisha kuniambia, mwache aende na wenzake. Sikumwambia baki wala nenda. Alibaki. Mama yake, akiwa tayari mlangoni mwa behewa, alivua viatu vyake, akavigonga kimoja kwa kingine mpaka udongo wote ukaanguka, akasema kwa sauti iliyosikika gare nzima kwamba hakuna mguu wa mtoto wake utakaokanyaga tena udongo wa mji huu, isipokuwa wa huyo aliyekataa kuondoka. Kisha treni ikaondoka.

Baba mkwe na mama mkwe walikufa huko Kasai. Mtoto wao mkubwa wa kiume alikwenda kutafuta almasi mpakani na Angola, hakusikika tena. Alibaki yule msichana, sasa ni mama mtu mzima, anauza mafuta ya mawese Mwene-Ditu. Nilipata namba yake kwa mtu wa parokia. Nilimpigia nikamwambia dada yako amefariki. Alilia mpaka simu ikakata. Alipopiga tena alisema tu, "Shemeji, ungoje."

Treni ya kutoka Kasai haina siku. Inafika ikifika. Basi mimi nikawa mtu wa gare. Nilimzika mke wangu mvua zikianza, na majani yalipokauka nilikuwa bado ninapanda ngazi. Shefu, mkuu wa gare, mwanaume mnene mwenye kofia ya kazi iliyofifia, alinizoea.

"Shefu, treni iko wapi?"

"Iko Tenke."

"Jana ulisema Tenke."

"Jana ilifika Tenke. Leo iko nalala Tenke. Baba, treni nayo ni muntu, inachoka."

Chini ya tao wanawake wanauza vitumbua. Mashine ya treni ikipita juu, vumbi linaanguka, na wote kwa pamoja wanafunika makarai kwa vifuniko bila hata kuangalia juu. Hao hawakuniacha salama.

"Baba Ndevu! Kuku yangu inapotea tangu jana. Haiko mu ile ndevu?"

"Tafuta weye mwenyewe."

"Niingize mukono? Nyoka itaniuma!"

"Nyoka gani itakubali kulala mule," alisema mwingine, "hakuna hata mwanamuke wa kuifagia."

Halafu akajifunika mdomo, kwa sababu alikumbuka. Nilimwambia si kitu. Na kweli haikuwa kitu. Nyumbani hakuna aliyenitania. Nyumbani nilisonga bukari, na mkono wangu ulikataa kujifunza unga wa mtu mmoja. Kila siku ilibaki nusu, nikaila asubuhi ikiwa baridi na ngumu. Kuna siku shefu alisema wazi kwamba wiki nzima hakuna treni, reli imekatika mahali, na mimi nikapanda vilevile. Watu waliniona kama mtu mwenye subira. Haikuwa subira. Pale juu mtu akikaa peke yake kwenye benchi hakuna anayeshangaa.

Kisha ujumbe wa sauti ukaja kwenye simu. Shemeji alikuwa amepanda treni. Nyuma ya sauti yake nilisikia mbuzi na watoto. Siku zikapita, ukaja mwingine, amepita Kamina. Mwingine, yuko Tenke, na safari hii ilikuwa Tenke ya kweli.

Nilitayarisha nyumba. Nilipaka chokaa ukuta wa mbele. Kitanda chetu nikampa yeye, mimi nikatandika mkeka jikoni. Wamama wa parokia walikuja wakapika bukari, kuku na majani ya mihogo, wakaweka viti uani, na katikati kiti kimoja cha kunyolea, na beseni jipya kando yake. Mmoja alitandika kitenge cha mke wangu juu ya kiti. Nikaoga, nikavaa shati, nikapanda gare.

Treni ilifika jua likiwa kali. Watu walikuwa wamekaa juu ya mabehewa, kati ya magunia ya mahindi na madumu ya mafuta. Nilitafuta uso wa msichana mwenye mapengo, na hapo nikaona upumbavu wangu. Lakini nilimtambua. Alikuwa na paji la uso la mke wangu, lilelile, kama limeazimwa. Alishuka kwa mlango wa behewa, akasimama kwenye simenti, mikono kifuani. Hatukugusana. Mtu ambaye hajanyolewa hagusi.

"Shemeji."

"Shemeji, karibu. Twende, wamama bako nangoja, chakula kimeiva."

Hakusogea.

"Sitelemuki," alisema.

Nilifikiri amechoka. Nikamwambia apumzike kwanza, nitabeba mzigo wake. Akatikisa kichwa. Kiswahili chake kilikuwa cha mtoto, kama alivyokibeba siku ile alipoondoka, hakikukua naye.

"Mama alikataza. Weye ulisikia. Mama alisema tusikanyage udongo ya hapa."

"Mama amekufa, shemeji."

"Njo vile. Kama angekuwa muzima ningemuuliza. Sasa nani atafungua ile neno?" Akaangalia miguu yake. "Hapa ni simenti. Udongo iko kule chini. Nitakunyoa hapa hapa."

Abiria walikuwa wamekwisha kukusanyika, kwa sababu treni iliyosimama haina kazi nyingine. Mzee mmoja mwenye mfuko wa kamba alicheka:

"Mama, simenti njo udongo ya kupika!"

"Baba, nyamaza," alisema mwanamke aliyebeba mtoto. "Bukari nayo ni mahindi, lakini huendi kulala mu shamba."

Watu wakacheka, wakaanza kubishana, wengine upande wa mzee, wengine upande wa mama. Mimi niliyevunja mawe ya Kakontwe nilijua simenti inatoka wapi. Lakini niliona kwamba amesafiri siku zote zile akiwa na njia hii moja tu kichwani, na kama tungeiziba angepanda behewa na wembe wake.

Shefu wa gare alikuja na kofia yake.

"Mashine inakwenda kuacha mabehewa mbili kule mbele. Ikirudi, tunaondoka. Miye sitasimamisha treni juu ya ndevu."

Maji hayakuwepo. Bomba la gare lilikufa zamani. Nilisimama juu ya ngazi nyembamba nikaita chini kama mwendawazimu, nikiomba maji. Aliyepanda ni yule yule wa kuku aliyepotea, na karai lake la kuoshea, akihema.

"Wapi mutakaa?" aliuliza mwanamke wa vitumbua.

Hakukuwa na kiti. Nilikaa kwenye dumu la mafuta ya mawese la shemeji. Shemeji alinimwagia maji kichwani, akasema maneno kwa Kiluba, polepole. Mengine niliyajua kwa sababu ya miaka na mke wangu, mengine yalinipita. Kisha akaanza utosini. Wembe ulikuwa mpya.

"Aliumwa nini?" aliuliza.

"Tumbo."

"Aliumia?"

"Aliumia."

Akashuka upande wa sikio. Nywele zilianguka kwenye simenti, na upepo wa pale juu ukazisukuma mpaka kwenye reli.

"Aliniita?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ilikuwa neno dogo, na lingemfaa njiani. Lakini mke wangu alikufa mkono wake ukiwa mkononi mwangu, na sikuweza kumtilia mdomoni maneno ambayo hakuyasema.

"Hapana," nilimwambia. "Siku za mwisho aliita mama yenu."

Wembe ulisimama. Nilihisi maji yakinidondokea shingoni na sikujua ni ya karai au ni ya macho. Kisha akaendelea na ndevu. Alipomaliza alinishika kichwa kwa viganja viwili, akakiinamisha, akakiinua. Ndipo tukapeana mkono. Mwanamke wa vitumbua alinizunguka akinichunguza.

"Kumbe kulikuwa muntu mule chini!" alisema. "Na si mubaya sana."

Shemeji alicheka kidogo, mara ya kwanza, na kicheko hakikuwa cha dada yake. Kilikuwa chake.

"Kaburi iko wapi?"

Nilimpeleka mwisho wa simenti, penye vyuma vya kushikilia. Kutoka pale unaona Panda yote, mabati ya kambi, bomba refu la kiwanda ambalo halitoi tena moshi, makamyo ya mizigo yakipanga mstari barabarani, na mbali, zikitokeza juu ya kilima cha mabaki ya mgodi, ncha za miti ya makaburini. Nikanyoosha kidole.

"Pale penye miti."

"Na ya ule mutoto?"

"Palepale. Dada yako alikuwa analima nyasi ya ile kaburi kila mwaka."

Aliangalia. Alisema na dada yake kwa Kiluba, hakupaza sauti, kama mtu anayesema na mwenzake aliye chumba cha pili. Sikujaribu kuelewa. Nyuma yetu mashine ilirudi, mabehewa yakagongana, shefu akapiga filimbi. Alipanda. Mzigo wake ulikuwa wa kuuza Lubumbashi. Alisema akirudi atapita hapahapa, na mimi nikasema nitakuja, na wote wawili tulijua kwamba treni haina siku.

Nyumbani wamama waliniona ninaingia peke yangu, kichwa kinang'aa. Kiti cha katikati kilikuwa bado na kitenge. Niliwaeleza. Hakuna aliyemlaumu. Mkubwa wao, mjane wa siku nyingi, alikunja kile kitenge, akanipa, akasema:

"Basi kaa, ule. Umengoja mingi."

Nikala nao sahani moja, kwa mkono, mara ya kwanza tangu nizike. Walikula vizuri, wakacheka, mmoja akaanza kuuliza kama nitafutiwe mwanamke wa kusonga bukari, wengine wakamzomea. Jioni waliosha vyombo wakaenda. Kwa desturi nilikuwa mzima sasa. Hakukuwa na mtu wa kumngojea tena, na nilijua mara moja kwamba hilo ndilo litakalokuwa gumu zaidi, kwa sababu kungoja kulikuwa kunanitoa nyumbani.

Kesho yake nilikwenda makaburini. Nilitaka kumwambia mke wangu kwamba aliyemtaka amekuja. Nilisimama kichwani pa kaburi lake nikatafuta gare, nijue shemeji aliona nini. Haionekani. Kilima cha mabaki ya mgodi kimekaa katikati, kinaficha tuta lote. Nilisogea kushoto na kulia, nikapanda juu ya kichuguu. Hakuna. Kutoka Juu mtu anaona ncha za miti tu, makaburi yenyewe hayaoni.

Nikarudi, nikakaa chini karibu naye, nikamwambia yote kama yalivyokuwa. Ndugu yako alikuja. Alifika gare. Hakuteremka, juu ya neno la mama yenu. Aliuliza kama ulimwita, nikasema hapana. Alisema na wewe kutoka kule. Aliona miti.

Sikuongeza kitu. Nilikaa mpaka kichwa kikaanza kuungua na jua, ngozi yake ilikuwa haijazoea. Nikakifunika kwa kiganja, nikateremka barabarani.